Saa Moja, Saa Saba

Jumanne ni siku ya sukari na presha.
Kabla jua halijayachemsha mabati ya Eastleigh
foleni imeshafika kwa muuza makaa,
nami, mkalimani wa meza ya pili,
nimeshaita majina thelathini
kwa Kiborana, Kisomali, na Kiswahili cha kuungaunga.

Bi Darmi Jattani amepakata mfuko wa nailoni.
Ndani mna vitabu viwili vya kliniki,
kimoja cha Moyale ya huku, kimoja cha Moyale ya kule:
mji mmoja uliokatwa kama kitambaa,
kila fundi akabaki na nusu ya ua.

"Alianza dawa lini?" auliza Sista Kemunto.
Kitabu cha kule kinasema elfu mbili na tisa.
Cha huku, elfu mbili kumi na saba.
Sista anakunja uso:
"Ugonjwa mmoja, siku mbili za kuzaliwa?"
Namweleza kwamba kule mwaka hauna haraka,
kalenda yao i nyuma ya yetu.
Ukivuka kile kizuizi, hatua arobaini tu,
waweza kuwa mgonjwa kabla hujaugua.

Kicheko kikapita kwenye benchi.
Bi Darmi hakucheka. Alitoa kidole.
Mashine ikafikiri, ikasema ishirini na mbili.
Kule wangeandika mia tatu tisini na sita;
sukari ni ileile, imebadili shati.

"Mama, unajidunga?"
Anajidunga.
"Unaiweka wapi dawa?"
Kwenye mtungi, ndani ya mchanga mbichi,
pembeni pasipofika jua wala wajukuu.
"Soda? Chai ya sukari?"
Akatazama picha ukutani,
chupa ya soda iliyopigwa msalaba mwekundu,
kama mtu anayesingiziwa na jirani.

Safu ya mwisho ya daftari la mradi ni ya wakaidi.
Jina lake limo tangu Machi.

Sijui kwa nini niliuliza. Pengine uchovu.
"Unajidunga saa ngapi, eeyyo?"
"Kama mlivyoandika. Saa saba."
"Saa saba?"
"Saa saba mchana. Na saa saba usiku.
Binti yangu huniamsha.
Baadaye natetemeka, jasho linanitoka,
nalamba sukari hadi alfajiri.
Nilidhani mnajua jambo kuhusu usiku
nisilolijua mimi."

Nikaichukua chupa.
Karatasi nyeupe, wino wa buluu:
*7 na 7.*
Mkia ule wa saba, uliojikunja kama ndoano,
ni mwandiko wangu.

Kiborana husema saa moja jua likichomoza.
Kiamhari husema saa moja.
Kiswahili, hiki ninacholipwa kukisema,
husema saa moja.
Lugha zote za chumba kile zilishapatana na jua.
Mimi ndiye niliyenakili tarakimu
kutoka kwenye skrini ya daktari,
nikaibandika, nikasema: haya, mwingine.

Sista hakunifokea. Ningependa angefoka.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akaniletea kopo la kalamu za rangi
lililosalia siku ya chanjo.

Nikafuta jina kwenye safu ya mwisho
hadi karatasi ikatoboka.
Kisha nikachora: jua la asubuhi kwenye mstari,
jua la jioni kwenye mstari,
nikaona hayatofautiani hata kidogo.
Nikaongeza jogoo kwenye la kwanza.

Bi Darmi akaisogeza chupa karibu na jicho lake zima,
akaigeuza, akaigeuza tena.
"Huyu bata," akasema,
"kwenu Nairobi huwika saa ngapi?"